Habari za Kiboko Kilichorudi

Wazee wetu walisema, samaki mkunje angali mbichi. Neno hili ni kweli, wala hakuna mwalimu alikataaye. Lakini hukunjwaje samaki huyo asivunjike? Hapo ndipo sisi tufundishao watoto wadogo tunapopotea mara nyingi. Basi tumeona vema kuwapa wasomaji habari za watu wawili wa Uingereza, walioliuliza swali lili hili zaidi ya miaka 200 iliyopita.

Wa kwanza ni Joseph Lancaster, aliyeanza kufundisha watoto maskini mjini London mwaka 1798. Wanafunzi walikuwa mamia na mwalimu mmoja. Kwa hiyo aliweka viranja, kila mmoja akafundisha kundi lake. Lancaster hakupenda kuchapa. Mtoto mwema alipewa vyeti, na vilipokuwa vingi alivibadili kwa zawadi, kama mpira au tiara. Lakini mkorofi aliaibishwa: alifungwa gogo shingoni, au alitiwa katika kikapu akapandishwa juu darini, wenzake wakimtazama. Je, mtoto yule alijifunza wema, au alijifunza kuogopa kuchekwa tu?

Wa pili ni Robert Owen, aliyeshika usimamizi wa viwanda vya kusokota pamba huko New Lanark, katika nchi ya Uskoti, mwaka 1800. Siku zile watoto wadogo sana walifanywa vibarua. Owen akakataa kuwaandika walio chini ya miaka 10. Tena tarehe 1 Januari 1816 aliwafungulia nyumba ya mafunzo, na hata waliokuwa wameanza tu kutembea walipokewa.

Mwalimu aliyemchagua kwa hao wadogo aliitwa James Buchanan, mfuma nguo, mtu asiye na elimu nyingi. Owen alimtaka kwa sababu alipenda watoto na alikuwa mvumilivu. Amri zake zilikuwa chache: asimpige mtoto, asimtishe, asimtukane, aseme naye kwa uso wa furaha na sauti ya upole. Na kila mtoto aambiwe ajitahidi kuwafurahisha wenzake, na wakubwa wawatunze wadogo. Zawadi hazikuwapo, wala adhabu. Watoto walifundishwa kwa picha, kwa vitu vilivyowazunguka, kwa nyimbo na ngoma.

Tuangalie hekima ya amri ile. Mtoto hakuambiwa tu, “Usipigane.” Alipewa kazi ya kutenda, nayo ni kumfurahisha mwenziwe. Akatazwaye tu hubaki mikono mitupu. Apewaye kazi njema hana nafasi ya ugomvi.

Lakini habari haikwisha hapo. Baadaye Buchanan aliitwa London kuongoza shule ya watoto wadogo, ya mfano wa ile ya New Lanark. Owen, katika kitabu cha maisha yake kilichochapwa mwaka 1857, asimulia kwamba siku moja aliingia shuleni humo ghafula, akamkuta mke wa Buchanan ameshika kiboko, akiwatisha watoto. Walipomwona mgeni wao, wakajaribu kukificha.

Ndugu walimu, tusiwacheke. Sisi nasi tumepata kuiweka fimbo nyuma ya kabati, tukasema haitarudi. Hata siku ya jua kali, watoto wengi na kelele nyingi, mkono ukaitafuta wenyewe. Twakumbuka mtoto mmoja wa darasa la kwanza, aliyechapwa kwa kosa la kucheka, asiseme neno darasani muda wa wiki nzima. Kimya kile tulikiita adabu. Haikuwa adabu, ilikuwa hofu.

Basi sheria ya upole haikai ukutani, hukaa moyoni mwa mwalimu, nayo huanza upya kila asubuhi. Nanyi wazazi, msituletee mtoto mkisema, “Mpige mpaka asikie.” Mtufundishie nyumbani kumtunza mdogo wake. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.