Mtoi anaenda odisheni ya baleti? Tutu iache nyumbani, soma hii kwanza

Mtoi wako ameitwa odisheni ya baleti, yaani yale majaribio ya kuingia shule ya densi, na ghafla keja yote hapo Turbo imejaa maoni. Shosho anataka avae gauni la Krismasi. Mathe ameona picha kwa simu, sasa anataka ile sketi iliyosimama kama mwavuli. Buda anauliza tu itakula ngapi. Na wewe, iwe ni mtoi wako ama ni siz wako mdogo, ndiwe ulijaza fomu, kwa hivyo huu mzigo ni wako.

Jibu fupi ni hili: nguo inayoshika mwili, ya rangi moja, haina mapambo. Miguu ionekane, nywele zitoke usoni. Tutu ni ya jukwaani, siku ya onyesho, na hata wale wanaocheza kwa kazi hawaivai wakifanya mazoezi ya kawaida.

Kama umekulia Uasin Gishu, hii si ngumu kuelewa. Unajua vile makocha wa riadha husimama kando ya barabara wakiangalia mtu anavyokanyaga. Hakuna kocha anaweza kusoma miguu ya mtoi aliyefunikwa na koti la mvua. Walimu wa baleti wako hivyo hivyo. Wanaangalia shingo na mabega, mgongo unavyosimama, nyonga zinavyofunguka, goti likinyooka linanyooka mpaka wapi, na unyayo unavyojikunja. Kitambaa kikificha goti, wanabaki kubahatisha, na ukiwa na watoi wengi chumbani hakuna mwalimu ana wakati wa kubahatisha.

Mimi hii nilijifunza vibaya. Binamu yangu alikuwa na miaka minane, tukampeleka akiwa amedunga gauni la harusi ya anti yetu, lile alivaa akibeba maua. Lilikuwa safi, limepigwa pasi, lina utepe mkubwa kiunoni. Zoezi la kwanza lilikuwa kukunja magoti polepole. Gauni likafika sakafuni, na kitu pekee mwalimu angeona ni kichwa kikishuka na kupanda. Zoezi la pili lilikuwa kuruka, akakanyaga pindo. Kutoka hapo alishika gauni na mikono yote miwili huku wenzake wameinua yao juu. Hakuna aliyemcheka. Lakini ukuta mzima ulikuwa kioo, na alijiona. Mwalimu mmoja alimtafutia fulana na kaptura akamaliza nazo. Hakuchukuliwa, na mpaka leo sisi hatujui kama ni miguu yake ama ni gauni letu.

Sasa tununue nini?

Vazi lenyewe linaitwa leotadi. Jina limetoka kwa Mfaransa Jules Léotard, msee wa sarakasi ambaye mwaka wa 1859 kule Paris aliruka hewani kutoka bembea moja hadi nyingine, akiwa kwa nguo ya kubana ili isimnase na watu waone misuli ikifanya kazi. Kumbe tangu mwanzo kazi yake ilikuwa kuonyesha mwili ukifanya kazi, si kupendeza.

Nyeusi ndiyo salama zaidi kama shule haijataja rangi. Buluu nzito pia ni sawa. Mikono mifupi ama isiyo na mikono, bila sketi, bila vitu vya kumetameta. Usikimbilie kununua sare ya daraja fulani. Mifumo kama ile ya Royal Academy of Dance ya London, iliyoanzishwa 1920, ina nguo zake kwa kila ngazi. Hizo ni za mtoi ambaye tayari amekubaliwa.

Ukikosa leotadi mpya, ingia mitumba Eldoret, lakini usiulize leotadi. Uliza nguo za kuogelea za watoi. Leotadi za baleti na za sarakasi hufika kwa bale hilo moja na wauzaji wengi hawazitofautishi. Angalia lebo: Capezio na Bloch ni majina ya nguo za densi. Nenda mapema siku bale linapofunguliwa, upate kamera badala ya fagia. Na ukikosa kabisa, nguo ya kuogelea ya kipande kimoja, nyeusi, isiyo na maandishi, inafanya kazi hiyo. Mvute kamba za begani: kama haziingii nyamani na kitambaa hakipandi akiinua mikono, umefika.

Chini yake ni taiti. Hapa familia nyingi hukwama, na si pesa tu. Kama kogo ama kukhu anasema mtoto hawezi kutoka hivyo, usianze vita naye. Piga simu uulize kama leggings nyeusi za kubana zinaruhusiwa. Kwa odisheni ya watoi wanaoanza, hilo ni ombi la kawaida, na miguu inaonekana vizuri tu.

Vijana wana mambo mepesi: fulana nyeupe ya kubana iliyochomekwa, kaptura nyeusi ya kubana ama taiti, soksi nyeupe. Jezi ya Arsenal, zii. Na kama kuna mtu hapo nyumbani anasema baleti si ya wanaume, mwambie kuhusu Joel Kioko. Alikulia Kuwinda, ule mtaa wa mabanda jirani na Karen, akafunzwa Dance Centre Kenya hapo Nairobi, na 2017 akaenda kusoma English National Ballet School, London.

Ndula

Hapa ndipo pesa hupotea. Kiatu cha baleti cha mtoi ni laini, kama soksi yenye soli nyembamba. Zile zenye ncha ngumu, za kusimama kwa vidole, usizibebe kabisa, hata ukizipata mitumba kwa bei ya kutupa. Mifupa ya mguu wa mtoto bado inajengeka. Kwa kawaida watoi huanza kuzivaa wakikaribia miaka 11 ama 12, baada ya miaka kadhaa ya mafunzo, na mwalimu ndiye huamua. Halafu hizo za mitumba zimeshakunjika kwa mguu wa mtu mwingine.

Na tafadhali, ile tabia yetu ya kununua namba mbili juu ndio akue nazo, hapa isahau. Kiatu kikubwa kinaficha unyayo na kinamwangusha. Mtoi asimame wima: vidole vilale bapa bila kujikunja, na pasibaki nafasi mbele. Soli nzima inamfaa anayeanza kwa sababu inampa mguu kitu cha kusukuma. Ile iliyogawanyika katikati ni ya waliozoea. Ngozi inadumu, kitambaa kinafuliwa kwa beseni na kukauka.

Nyingi huja bila lastiki kushonwa. Kunja kisigino cha kiatu kwa ndani kuelekea vidoleni. Pale pembe mbili zinapojitokeza ndipo lastiki inashikwa, upande huu na ule. Shona kwa mkono, ama mpelekee fundi cherehani umwonyeshe hapo hapo. Ule uzi mdogo wa mbele uvute kidogo, ufunge, na uchomeke ndani. Ukiacha kitanzi kikining'inia kama cha viatu vya shule, umemchomea picha bure.

Kama hakuna ndula, si mwisho wa safari. Madarasa ya baleti ya Anno's Africa huko Kibera yalifanyika kwa darasa la kawaida, madawati yametolewa nje, na picha zilizosambaa dunia nzima zina watoi miguu tupu kwenye sakafu yenye vumbi. Uliza kama miguu tupu inakubalika. Soksi peke yake kwenye sakafu iliyong'arishwa ni hatari, atateleza.

Mambo ya waridi

Utaona picha zote zina taiti na ndula za rangi ya waridi. Rangi hiyo ilichaguliwa ifanane na ngozi ya wazungu, ili mguu uonekane mstari mmoja kutoka nyonga hadi kidole. Kwa mtoi mweusi inafanya kinyume: inamkata mguu mahali leotadi inaishia. Dance Theatre of Harlem ya New York, iliyoanzishwa 1969, ililiona hili na miaka ya 1970 ikaanza kuvalisha wachezaji wake taiti na viatu vya rangi ya ngozi zao. Hata hivyo ilichukua hadi 2018 kwa kampuni ya Freed ya London, ikishirikiana na Ballet Black, kuuza ndula za ncha za rangi ya kahawia na shaba. Kabla ya hapo wachezaji weusi walikuwa wakipaka viatu poda ya uso, jozi baada ya jozi.

Kwa hivyo uliza shule kama rangi ya ngozi inaruhusiwa. Ikiruhusiwa, ndula za kitambaa unaweza kuziloweka kwa chai ya rangi iliyokolea, na majani chai si kitu cha kutafutwa pande zetu. Chai inatoa kahawia hafifu. Ukitaka nzito zaidi, paka poda ya uso kwa sifongo, uache zikauke usiku.

Nywele ni rahisi kuliko mnavyofikiria. Zikiwa fupi za shule, ziko tayari. Rasta na mabutu zikusanywe fundo moja nyuma, zibanwe, shanga zitolewe kwa sababu zinapiga kelele na zinaweza kumgonga usoni. Hereni, bangili na saa zibaki nyumbani. Rangi ya kucha pia.

Siku yenyewe

Asubuhi za Turbo ni baridi, na mwili baridi haunyooki. Avae traksuti na swetera juu ya leotadi, soksi nzito, na raba za kawaida. Ndula za baleti zikae kwa begi mpaka mlango wa ukumbi. Ukizikanyagia tope la stendi, zimeisha. Kama odisheni ni Eldoret, mathree ya kupitia Jua Kali na Maili Nne inaweza kujaza abiria mpaka ukate tamaa, kwa hivyo panga kufika saa nzima kabla. Kama ni Nairobi, hiyo ni zaidi ya kilomita 300. Laleni huko usiku uliotangulia, msishuke basi la usiku mkiingia ukumbini moja kwa moja.

Siku mbili kabla, mvalishe kila kitu umwambie aruke, achuchumae, ainue mikono. Akivuta nguo hata mara moja, rekebisha. Weka kwa begi uzi, sindano, pini za nywele, na soksi za ziada.

Na kabla hujatoa shilingi yoyote, tuma ujumbe shuleni. Unaweza kunakili huu: “Habari mwalimu. Mtoto wangu ana miaka 8, anakuja odisheni Jumamosi. Hana leotadi wala viatu vya baleti. Je, anaweza kuja na fulana ya kubana na leggings nyeusi, miguu tupu? Na kama mna za kuazima, yeye huvaa kiatu namba 31. Asante.”