Kutoka lokombe hadi miksa ya dijitali: namna neno linavyofika mbali kusini mwa Maniema

KASONGO, Maniema – Mama aliyekimbia na watoto wake kutoka upande wa Salamabila hafuati muziki mzuri anapokuja kwenye mkutano wa hadhara. Anataka kusikia mambo matatu: orodha ya majina itasomwa siku gani, itasomewa wapi, na mtu aje na karatasi ipi. Mara nyingi anasimama nyuma kabisa, kwa sababu waliofika mapema wamekwisha kushika nafasi za mbele. Mikro inapiga kelele, bafle inakoroma, jenereta inanguruma kando, na mama anarudi nyumbani na nusu ya habari. Nusu nyingine ataambiwa na jirani, na jirani naye hakusikia vizuri.

Kusini mwa Maniema, kazi ya kufikisha neno mbali bila kuharibika ni ya zamani kuliko umeme. Historia yake inasaidia kuelewa kwa nini meza ya kuchanganya sauti, yaani miksa, si jambo la wanamuziki peke yao.

Mti uliosema

Kabla ya mikro kulikuwa na mti. Watetela, ambao Wakusu wa Maniema ni ndugu zao, walichonga ngoma ya mti mzima wenye tundu refu juu, wakaiita lokombe. Haina ngozi. Upande mmoja unatoa sauti ya juu, upande mwingine sauti ya chini. Kwa kuwa lugha zao nyingi hutofautisha maneno kwa kupanda na kushuka kwa sauti, ngoma iliweza kufuata mpando huo na kubeba habari: kifo, vita, mgeni, mkutano. Usiku na alfajiri, hewa ikiwa imetulia, ujumbe ulivuka kilomita kadhaa, na kijiji cha pili kikaupeleka cha tatu.

Lakini sauti mbili tu haziwezi kubeba kila neno. Mmisionari Mwingereza John Carrington, aliyeishi Yakusu karibu na Kisangani, alieleza jambo hili katika kitabu chake cha 1949 kuhusu ngoma za Walokele. Neno la mwezi na neno la kuku hupanda na kushuka namna moja. Mpigaji akipiga neno hilo peke yake, msikilizaji wa mbali hajui linalosemwa. Kwa hiyo anaongeza maelezo: huo mwezi unaotazama nchi kutoka juu, huyo kuku anayelia namna fulani. Ujumbe unakuwa mrefu, lakini haukosewi. Wazee hao walijua kwamba sauti kubwa na sauti inayoeleweka ni vitu viwili tofauti.

Tippu Tip, jina lake halisi Hamed bin Muhammed el Murjebi, alipoifanya Kasongo kuwa makao yake makubwa katika karne ya 19, sauti nyingine ziliongezeka: ngoma ya kuongoza msafara, baragumu, na adhana iliyotolewa kwa koo la mwadhini tu. Vita vya Waarabu na Waswahili dhidi ya Dola Huru la Kongo vilivunja utawala huo, na Kasongo ikatekwa mwezi wa Aprili 1893. Kiswahili hakikuondoka. Kilibaki kuwa lugha ya soko, ya msikiti na baadaye ya misheni, kikikaa pamoja na Kizimba, Kikusu na Kibangubangu. Mpaka leo tangazo la Kasongo au Kabambare likitolewa kwa Kiswahili linafika kwa wengi, ila wazee wengine hulielewa zaidi likirudiwa kwa lugha ya nyumbani.

Mikro moja kwa watu wote

Mwaka 1915 huko California, Peter Jensen na Edwin Pridham walionyesha spika yao ya umeme ikisikika mbali sana. Mwaka 1919 rais wa Marekani Woodrow Wilson alitumia vifaa vya namna hiyo kuhutubia umati mkubwa ndani ya uwanja wa San Diego. Tangu hapo mtu mmoja aliweza kusema na maelfu bila kupasua koo.

Kongo, redio ilikuja mapema kuliko umeme wa vijijini. Radio Congo Belge ilianza Léopoldville mwaka 1940, wakati wa vita vya pili vya dunia. Mwaka 1948 ikazaliwa kampuni ya sahani za muziki iliyoitwa Ngoma. Katika studio za wakati ule, wanamuziki walirekodi pamoja, mara nyingi mbele ya mikro moja. Fundi hakuwa na meza ya kupunguza huyu na kuongeza yule. Alichanganya kwa miguu ya watu: mwimbaji asogee karibu, mpiga gitaa akae hatua mbili nyuma, mwenye tarumbeta aende ukutani. Umbali ndio uliokuwa miksa.

Magitaa ya umeme yalipoenea katika miaka ya 1950, utaratibu huo ulishindwa. Gitaa lenye amplifaya humfunika mwimbaji. Ikabidi kila mmoja awe na mikro yake, na mikro hizo zote zikutane mahali pamoja. Mwaka 1966 Shure ilitoa mikro ya SM58, ile ya kichwa cha wavu wa duara ambayo bado inaonekana, ya kweli au ya kuigiza, kwenye makanisa na harusi nyingi. Mwaka 1974 Yamaha ilitoa PM1000, meza iliyotengenezwa hasa kwa maonyesho ya jukwaani.

Mwaka huohuo, tarehe 22 hadi 24 Septemba, Kinshasa ilipokea tamasha la Zaïre 74, lililoandaliwa pamoja na pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Franco na TPOK Jazz, Tabu Ley na Abeti walipanda jukwaa moja na James Brown, B.B. King, Miriam Makeba na Celia Cruz. Sauti zilirekodiwa kwenye tepu, zikigawanywa katika njia mbalimbali. Ndiyo sababu mwaka 2017, miaka 43 baadaye, nyimbo za wanamuziki wa Afrika wa tamasha lile ziliweza kuchanganywa na kutolewa kama sahani.

Miaka ya vita

Maniema ya kusini ilikuwa na mambo mengine ya kusikiliza. Mwaka 1964 waasi wa Simba waliteka sehemu kubwa ya mashariki, Kindu ikiwemo. Kisha zikaja vita za 1996 na 1998. Njia zilifungwa, bidhaa zikakosekana, na habari ikawa kitu cha kutafutwa kama chumvi. Tarehe 25 Februari 2002 Radio Okapi ilianza kusikika, ikiungwa mkono na Umoja wa Mataifa na shirika la Hirondelle la Uswisi, kwa Kifaransa na lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwa mojawapo. Familia zilizotawanyika zilikaa karibu na redio moja ya betri.

Katika miaka ya karibuni, mapigano ya makundi yenye silaha katika wilaya ya Kabambare, hasa kuzunguka Salamabila na machimbo ya dhahabu ya Namoya, yamewatoa watu wengi vijijini. Redio bado inafanya kazi yake, lakini siyo kila familia iliyokimbia imebeba redio. Kwao tangazo linakuja kwa mikro ya uwanjani, ya kanisani au ya msikitini. Hapo ndipo fundi wa sono anaposhika kitu kikubwa kuliko anavyofikiri.

Meza inayokumbuka

Miksa ya zamani, ile ya analojia, iko wazi mbele ya macho. Kila kitufe kina kazi moja, na ukiitazama unajua kila sauti iko wapi. Miksa ya dijitali hupima sauti, kwa kawaida mara 48,000 kila sekunde, inaiandika kama namba, kisha inafanya hesabu juu ya namba hizo. Yamaha ilitoa DMP7 mwaka 1987 na 02R mwaka 1995. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 meza kubwa za dijitali zikaanza kuongoza matamasha, lakini bei yake ilikuwa ya matajiri. Mabadiliko yaliyogusa parokia na bendi za kawaida yalikuja mwaka 2012, Behringer ilipotoa X32, meza yenye njia 32 na bei ya chini sana kuliko zilizotangulia. Baadaye zikaja ndogo zaidi zisizo na vitufe, zinazoongozwa kwa simu au tableti.

Faida yake kubwa ni kumbukumbu. Mpango wa mkutano wa Jumatatu unahifadhiwa kwa jina lake, na Jumatatu inayofuata unarudi kwa kugusa mara moja. Hatari yake inatoka palepale: meza inakumbuka pia makosa ya aliyeitumia jana, na hayaonekani kwa macho. Mtu anaweza kukuta mikro haisikiki, akalaumu waya, kumbe fundi wa harusi ya Jumamosi aliipeleka njia nyingine.

Kazi ya kufanya kabla watu hawajafika

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni karatasi. Fundi anaandika: njia ya 1 msemaji, ya 2 mkalimani, ya 3 mikro ya maswali, ya 4 kinanda. Kisha anaifuta meza irudi kwenye hali ya mwanzo na kupanga upya kila njia kufuatana na karatasi ile.

Umeme una utaratibu wake. Meza inawashwa kwanza na bafle mwisho. Wakati wa kufunga, bafle zinazimwa kwanza. Bila hivyo mshtuko wa umeme unapiga bafle na kuichoka kabla ya siku zake. Jenereta iwekwe mbali, upande wa nyuma, na meza ipitie ondulera yenye betri. Miksa ya analojia ikikatika umeme inarudi mara moja, lakini ya dijitali inaanza upya kama kompyuta, na watu 500 hawatasubiri kimya.

Baada ya hapo inakuja nguvu ya kuingia. Mtu aseme kwenye mikro kwa sauti atakayotumia kweli, siyo kwa kunong'ona “moja, mbili”. Taa zikae katikati, takriban desibeli 18 chini ya kilele. Tepu ya zamani ilisamehe sauti iliyozidi kidogo. Namba hazisamehi: sauti ikigonga kilele inakatwa, na hakuna kitufe kinachoirudisha.

Kwa sauti ya mtu anayesema, fundi anakata mivumo iliyo chini ya hezi 100 hivi: upepo, hatua za jukwaani, mngurumo wa jenereta. Maneno yanaeleweka zaidi kwa herufi kama s, t na k, ambazo ziko juu zaidi, kati ya hezi 1,000 na 4,000 na kuendelea. Wengi huongeza besi ili msemaji aonekane mkubwa, na hapo ndipo neno linapozama. Mikro ikianza kupiga kelele, dawa ya kwanza ni kuihamisha nyuma ya bafle na kumwomba msemaji aisogeze mdomoni. Kisha fundi anatafuta sauti inayolia na kuipunguza hiyo peke yake.

Uwanja ukiwa mrefu, sauti hupungua kwa desibeli 6 hivi kila umbali unapoongezeka mara mbili. Kuongeza nguvu mbele kunawaumiza wa mbele tu. Ni bora kuweka bafle nyingine katikati. Lakini sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, hali ile ya ndani ya waya inafika papo hapo. Bafle iliyowekwa mita 34 mbele ya jukwaa inapaswa kucheleweshwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, la sivyo wa nyuma watasikia kila jina mara mbili. Zamani ilihitaji mashine ya pekee kufanya hivyo. Miksa nyingi za dijitali zinafanya kwa namba moja.

Mkalimani apewe mikro yake na bafle ndogo ya kumsikilizia msemaji. Kwa wazee wa Kabambare waliozoea Kibangubangu, njia ya pili ndiyo mkutano wenyewe. Mwisho, mpango unahifadhiwa kwa jina na tarehe, nakala inawekwa kwenye kifaa cha USB, na Wi-Fi ya meza inawekewa neno la siri ili kijana mwenye simu asiiguse katikati ya hotuba.

Halafu fundi anaiacha meza. Anatembea mpaka mwisho wa uwanja, mahali atakaposimama mama wa Salamabila, na kumwomba mwenzake asome majina kumi ambayo yeye hajayaona. Anayaandika anavyoyasikia, anarudi mbele, na kulinganisha karatasi mbili. Yakiwa kumi sawasawa, mkutano unaweza kuanza. Yakiwa nane, kuna familia mbili ambazo hazikuitwa.