Asili ya Neno "Seyyid"

Ndugu zangu, vijana wetu waliokulia hapa Al Qusais huniuliza: watawala wa Unguja walioitwa Seyyid walikuwa masharifu? La. Kwa Kiarabu neno hilo maana yake ni "bwana". Lamu na Hadhramaut hupewa kizazi cha Mtume. Kwa Al Busaidi lilikuwa heshima ya ukoo unaotawala. Mwasisi wao, Ahmad bin Said, alikuwa Imamu, cheo cha kuchaguliwa. Mjukuu wake, Said bin Sultan, aliyefariki mwaka 1856, hakuchaguliwa, akatosheka na Seyyid. Wazungu ndio waliozoea kumwita Imamu.

Kwa hiyo bibi yetu, binti wa Seyyid, nimemwandika katika shajara ya ukoo bila "Sharifa", ingawa najua baadhi yenu mtanuna.