Sikukuu Iliyozaliwa Jikoni Kabla ya Kufika Ikulu

Tarehe 28 Septemba 1863, Marekani ikiwa katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, mhariri wa jarida la wanawake mwenye umri wa miaka 74 alimwandikia barua Rais Abraham Lincoln. Sarah Josepha Hale alikuwa na ombi moja: Sikukuu ya Shukrani, ambayo kila jimbo lilikuwa likijipangia tarehe yake, iadhimishwe siku moja na taifa zima. Siku tano baadaye, Lincoln alitoa tangazo na kuchagua Alhamisi ya mwisho ya Novemba.

Hale alikuwa ameipigania siku hiyo kwa miaka mingi. Alizaliwa Newport, New Hampshire, mwaka 1788. Mwaka 1822 alifiwa na mumewe akabaki na watoto watano, akaamua kuishi kwa kalamu. Katika riwaya yake *Northwood* ya mwaka 1827 alitenga sura nzima kwa mlo wa sikukuu hiyo, bata mzinga wa kuokwa akikaa mahali pa heshima na pai ya boga ikipewa sifa zake. Kuanzia 1837 hadi 1877 alihariri *Godey's Lady's Book*, na humo aliwahimiza wasomaji wake mwaka baada ya mwaka, huku akiwaandikia magavana na marais. Alichokitetea alikijua tangu utotoni: mlo uliokuwa kilele cha wiki nyingi za kazi na furaha ndogo ndogo za nyumbani.

Huko New England, kaskazini-mashariki mwa nchi, majani ya miti hugeuka mekundu na manjano mwezi Oktoba, kisha hupukutika. Nyuma yake huja miezi ya barafu ambamo hakuna kinachoota shambani. Zamani, kila kaya ilikula ilichoweka. Akiba haiozi, tunasema. Wao walijua kwamba huoza isipotunzwa, na utunzaji huo ndio uliowakutanisha.

Matufaha yalichaguliwa moja moja. Yasiyo na jeraha yalishushwa kwenye ghala la chini ya nyumba, yakiwemo ya aina ya Roxbury Russet, inayojulikana Massachusetts tangu karne ya 17 na kusifika kwa kudumu muda mrefu. Mengine yalikamuliwa, maji yake yakaachwa yachachuke kwenye mapipa kuwa kinywaji cha kila siku. Yaliyobaki yalimenywa jioni, majirani wakiwa wamekusanyika, yakakatwa vipande, yakatungwa kwenye uzi na kuanikwa karibu na moto. Maboga nayo yalikatwa pete pete na kukaushwa.

Kazi ya kuambua maganda ya mahindi ilikuwa karamu ya vijana. Walikaa ghalani kuzunguka rundo la mahindi, na kwa desturi, kijana aliyebahatika kupata gunzi lenye punje nyekundu alipata haki ya kumbusu msichana. Sikukuu ilipokaribia, tanuri la matofali liliwashwa hadi likapata moto wa kutosha, makaa yakafagiliwa nje, ndipo mikate na pai zikaingizwa ndani. Baridi iliruhusu pai nyingi ziokwe kwa mkupuo na kuwekwa kwenye chumba kisicho na moto, ziliwe baadaye.

Mahindi na maboga ya karamu hizo yalikuwa mazao ya wenyeji wa bara hilo, waliozoea kuyapanda pamoja na maharage katika shamba moja. Mkulima wa Mbeya au Kakamega anaufahamu mchanganyiko huo vizuri, kwa kuwa mazao hayo matatu yalitufikia sisi pia kutoka Amerika. Waingereza waliofika Plymouth, Massachusetts, mwaka 1620 walifundishwa kupanda mahindi na Tisquantum, mtu wa jamii za Wawampanoag. Katika mavuno ya 1621 walikula pamoja kwa siku tatu na kiongozi wa Wawampanoag, Massasoit, na watu wake wapatao 90, walioleta paa watano. Pai ya boga haikuwepo. Mapishi yanayofanana nayo yalichapwa katika kitabu cha upishi cha Amelia Simmons mwaka 1796.

Urafiki ule haukudumu. Mwaka 1675 vita vilizuka kati ya walowezi na mwana wa Massasoit, na Wawampanoag wakapoteza watu na ardhi. Tangu 1970, wazawa hukutana Plymouth siku hiyo hiyo ya shukrani kufanya maombolezo. Anayesimulia utamu wa boga bila kuwataja waliolilima kwanza anawanyima haki yao.

Tarehe yenyewe iliyumba tena mwaka 1939, Rais Franklin Roosevelt alipoiwahisha kwa wiki moja ili kurefusha msimu wa manunuzi. Baadhi ya majimbo yalikataa, na kwa muda nchi ikasherehekea siku mbili tofauti. Mwaka 1941 Bunge lilimaliza ubishi kwa kupitisha sheria: Alhamisi ya nne ya Novemba.

Leo boga hununuliwa likiwa limeshapondwa na kutiwa kwenye kopo, na friji imechukua nafasi ya ghala la chini. Hakuna anayelazimika kumenya tufaha ili asife njaa mwezi Februari. Hata hivyo, kila Oktoba familia huenda mashambani kuchuma matufaha kwa mikono yao, kisha hurudi nyumbani kupika na kuoka pamoja, harufu ya mdalasini ikijaa jikoni. Walichofanya wazee wao kwa shida, wao wanakifanya kwa mapenzi. Marais na wabunge wamefanikiwa kupanga tarehe tu. Shukrani yenyewe hujengwa wiki kadhaa kabla, na watu walioshika chakula hicho mikononi na kujua kazi iliyomo ndani yake.