Majina ya Sheria na Heshima ya Mtu

Kiwete, kipofu, kiziwi na kilema: majina haya wazee wetu waliyaweka katika ngeli moja na kiti na kikapu. Wako wanaodai kuwa hapo ndipo dharau ilipoanzia. Sisi hatukubali moja kwa moja, maana sarufi ile ile yatutaka tuseme kipofu amefika, wala si kipofu kimefika; katika kitenzi mtu hubaki mtu. Lakini jina likiisha kuingia katika sheria, hakimu hulisoma na karani hulinakili, na mwenye kuitwa hana pa kulikatia rufani.

Tulirithi kwa Waingereza Kanuni za Adhabu. Kifungu cha 137, kilichokusudiwa kumlinda mwanamke mwenye ulemavu wa akili asinajisiwe, kilimtaja kwa maneno ya Kiingereza ambayo kwetu ni sawa na zuzu na punguani. Maneno hayo yalikuwamo hata katika toleo la mwaka 2002. Ajabu ya sheria, kumkinga mtu kwa mkono na kumtukana kwa kinywa!

Mwaka 1981 ulikuwa Mwaka wa Kimataifa wa Walemavu, na mwaka 1982 Bunge letu likapitisha sheria mbili, moja ya ajira ya walemavu na nyingine ya matunzo yao. Zilikuwa hatua njema, ila neno matunzo lilimweka mtu mahali pa kupokea tu. Sheria Na. 9 ya mwaka 2010 ilizifuta zote mbili. Hiyo yasema watu wenye ulemavu: mtu ametangulia, ulemavu umefuata.

Je, majina yote ya kale yatupwe? Hapa tusifanye haraka. Walioitwa vipofu wamechagua kuitwa wasioona, na chama chao chaitwa hivyo. Walioitwa zeruzeru wamelikataa jina hilo, nao wataka waitwe watu wenye ualbino. Viziwi, kwa upande wao, walipounda chama walikiita Chama cha Viziwi Tanzania, wala hawaoni haya. Kwao kiziwi ni mtu mwenye lugha yake, lugha ya alama.

Tangu mwaka 2021 Kiswahili kimewekwa kuwa lugha ya sheria zetu, na zilizoandikwa kwa Kiingereza hazina budi kufasiriwa. Mfasiri atakayefikia kifungu kama kile cha 137 atafungua kamusi, na humo zuzu na punguani wamekwisha kaa wakimngojea. Twamsihi aifunge kwanza, akabishe hodi kwa wenyewe wanaotajwa.