Karanga za Uganda na Vifaranga wa Bata

Ukipita Nyalikungu, mjini Maswa, wakati wa kuchambua karanga, utaona zile zilizosinyaa na kuota ukungu zikitengwa na kurushiwa kuku. Hakuna aonaye vibaya; kisichomfaa mtu na kimfae mfugo. Fikira hiyo ni ya wakulima wa pande nyingi za dunia, na huko Uingereza mwaka 1960 ilionekana gharama yake.

Mwaka huo bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa katika muda wa miezi michache. Kwa kuwa chanzo hakikujulikana, maradhi yakapewa jina la herufi X. Uchunguzi ukaelekea kwenye chakula chao, yaani mashudu ya karanga kutoka Brazili. Wengi waisimuliao habari hii huishia hapo, nami naona wameacha nusu yake. Vifaranga wa bata walikuwa wakifa Kenya na Uganda vilevile, wala mashudu yao hayakutoka Brazili. Tena ni katika karanga za Uganda, zilizokuwa na sumu kali, ambamo wataalamu mwaka 1961 waliipata kuvu iitwayo Aspergillus flavus, wakathibitisha kwamba ndiyo iitengenezayo sumu. Kutokana na jina hilo sumu ikaitwa aflatoksini. Sisi leo twaiita sumukuvu.

Kifaranga wa bata wa siku moja akawa mizani ya maabara, maana kiasi kidogo mno kilitosha kuliharibu ini lake kwa siku chache. Panya alistahimili zaidi, na kwa kustahimili kwake akafichua jambo baya zaidi. Mwaka huohuo wa 1961, panya waliolishwa mashudu ya namna ile, sehemu moja katika tano ya chakula chao, walionekana baada ya miezi sita wana saratani ya ini.

Kuku naye ni mgumu kuliko bata. Hula, hutaga, hutembea uani. Basi mwenye nyumba husadiki kwamba karanga zile hazina neno, na mwaka wa dhiki huzitwanga za mchuzi. Moto wa jikoni hauiondoi sumu hiyo.

Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, waliugua watu 68, wakafa 20. Walikuwa wamekula mahindi waliyoyalima wenyewe.