Gofu na Magofu

Mwaka jana nilikuwa nikisahihisha insha za kidato cha pili juu ya mada "Siku Nisiyoisahau". Msichana mmoja, mtoto wa Kampala ambaye nyumbani kwao husemwa Kiluganda, aliandika kwamba mjomba wake aliwachukua yeye na nduguze kwenda kupumzika siku mbili ufukoni mwa ziwa, na kwamba "gofu lile lilikuwa kubwa na zuri mno". Nikachukua kalamu nyekundu, nikapiga mstari chini ya viambishi vyake, na pembeni nikaandika: "gofu ile ilikuwa kubwa na nzuri".

Walimu wenzangu wataielewa sababu. Gofu, mchezo wa Waskoti, umeingia katika lugha yetu pamoja na soka na hoki, nao wafuata ngeli ya hayo. Lakini liko gofu jingine, lenye wingi wa magofu, ambalo lilikuwamo katika Kiswahili kabla ya Mskoti yeyote kufika pwani. Hilo ni jengo lililobomoka likabaki kuta bila paa, kama yale ya Kilwa na Gedi. Hata mtu aliyekonda kwa maradhi akasalia mifupa huitwa gofu la mtu. Kwa hiyo, tukiifuata sarufi peke yake, mtoto yule alikuwa amestarehe siku mbili ndani ya nyumba iliyoanguka. Nilicheka, nikamkata alama moja, nikaendelea na daftari lililofuata.

Haukupita muda mrefu nami nikajikuta mahali palepale. Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa anafanya kazi ya kuwapokea watalii hapa mjini, alinialika pamoja na mke wangu tukalale siku mbili katika hoteli ya Serena iliyoko Kigo, kando ya Ziwa Viktoria, ambalo Waganda huliita Nalubaale. Kutoka Kampala ni mwendo usiofika saa moja, kama magari hayakusongamana. Majengo ni ya kuba na nguzo kwa mtindo wa Kirumi, kuna gati dogo la mashua, na uwanja wa gofu wenye mashimo 18 umetandazwa kati ya kilima na mafunjo ya ziwani. Mimi sijapata kushika fimbo ya mchezo huo. Nilichofanya asubuhi ya pili ni kumfuata mwenyeji wangu kwa miguu, nikiwa nyuma pamoja na kedi wake, yaani yule mtu abebaye mfuko wa fimbo.

Kedi huyo alikuwa mtu mzima wa umri wangu. Aliposikia namwita mke wangu kwa Kiswahili, alinigeukia akasema, "Shikamoo mwalimu. Leo nimepata mtu wa kuongea naye." Kwao ni mashariki, karibu na mpaka wa Kenya, ambako Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya nyumbani pia. Kwa muda wa saa nne alinifundisha mengi: shimo, kijiti cha kuwekea mpira, mtego wa mchanga, upepo wa ziwani unavyougeuza mpira baada ya saa tatu asubuhi. Maneno yake yote yalikuwa mepesi, wala hakuhitaji kamusi. Nilipomuuliza kazi hii aliianzia wapi, alijibu, "Nimeirithi. Baba yangu alibeba mifuko ya Wazungu." Jibu hilo ndilo lililonirudisha kwenye vitabu vya historia.

Yafaa tuanze na ufuko wenyewe. Anayeketi Kigo jioni akatazama maji, huona utulivu na kudhani ndivyo palivyokuwa tangu kale. Sivyo. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale, unaoenezwa na mbung'o, uliua zaidi ya watu 200,000 katika pwani za Buganda na Busoga na katika visiwa. Hesketh Bell, aliyeiongoza serikali ya ukoloni kuanzia mwaka 1906, aliamuru wakazi waliosalia wahamishwe kutoka ukanda wa ufukoni wapata maili mbili kwa upana. Visiwa vya Ssese navyo vikaachwa vitupu. Nyumba zikaachwa, mashamba ya migomba yakamezwa na msitu, mitumbwi ikaoza. Hayo yalikuwa magofu, japokuwa nyumba za miti na nyasi haziachi kuta za kupigwa picha kama zile za Gedi.

Wakati huohuo, mahali pamoja palikuwa na ruhusa ya kukaa: Entebbe, makao makuu ya serikali. Huko wakoloni walianzisha bustani ya mimea mwaka 1898, na uwanja wa gofu ukafuata mwanzoni kabisa mwa karne ya 20, ukishuka kutoka kilimani hadi karibu na maji. Ni uwanja wa kwanza nchini Uganda. Kufyeka vichaka vya ufukoni kulikuwa ni njia mojawapo ya kumnyima mbung'o kivuli, na nyasi fupi za gofu hazimfichi mdudu yeyote. Sisemi kwamba uwanja ulijengwa kwa ajili hiyo. Nasema tu kwamba ufuko uleule uliokatazwa kwa mvuvi ulikuwa salama kwa karani wa Kizungu mwenye fimbo na mpira.

Sasa wazo la kwenda mbali na mji, ukalala hotelini usiku mmoja au miwili ili ucheze gofu, lilitoka wapi? Lilitoka kwa wenye reli. Huko Scotland mashirika ya reli yalitaka abiria wa mwisho wa juma, nayo yakajenga hoteli kubwa shambani, kila moja na uwanja wake. Turnberry ilifunguliwa mwaka 1906, na Gleneagles mwaka 1924. Bwana wa Glasgow aliweza kupanda gari la moshi Ijumaa jioni na kurudi kazini Jumatatu asubuhi.

Huku kwetu desturi hiyo ilihamia pamoja na watumishi wa serikali. Reli iliyotoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na abiria wakavuka ziwa kwa meli. Kampala yenyewe haikufikiwa na reli mpaka mwaka 1931, na Kasese mwaka 1956. Kila mji wa boma ulijitengenezea uwanja, mara nyingi wa mashimo 9 tu, na karibu yake pakawa na klabu au nyumba ya wageni. Kabale ilipendwa kwa baridi yake, maana kule juu mbu ni wachache, na hoteli ya White Horse Inn ikawa mahali pa kupozea homa za mabondeni. Fort Portal kulikuwa na Mountains of the Moon, hoteli iliyochukua jina la milima aliyoitaja Ptolemy. Huko Kilembe wahandisi wa mgodi wa shaba walicheza gofu chini ya milima ya Ruwenzori.

Lakini hakuna uwanja uliosifika kama ule wa Jinja, palipo chanzo cha Nile. Viboko walikuwa wakitoka majini usiku kuja kula majani mazuri yaliyokatwa kwa ajili ya wachezaji, na asubuhi wakaacha nyayo zenye ukubwa wa karai. Klabu ikalazimika kutunga kanuni yake: mpira ukitumbukia katika unyayo wa kiboko, mchezaji auokote na kuuweka kando bila kuadhibiwa. Habari hiyo imechapwa na kuchapwa tena Ulaya kwa kuchekesha watu. Mimi hujiuliza nani aliyetangulia asubuhi na mapema kuhakikisha kuwa kiboko mwenyewe amekwisha kuondoka. Bila shaka alikuwa kedi.

Kedi wa zama hizo hakuruhusiwa kuingia klabu isipokuwa kwa mlango wa nyuma. Uanachama ulikuwa wa Wazungu. Hata Mwasia tajiri alikuwa na klabu yake, na Mwafrika msomi hakuwa na yoyote. Mji wa Kampala wenyewe ulipangwa kwa fikira hiyo. Profesa Simpson, aliyetumwa na serikali ya Uingereza kuzikagua afya za miji ya Afrika Mashariki, alishauri katika taarifa yake ya mwaka 1914 kwamba makazi ya kila taifa yatengwe, na katikati yao paachwe ukanda usiojengwa. Mtu apitaye leo katika bonde la Kitante, kati ya Nakasero na Kololo, huona nyasi za Uganda Golf Club zimetanda katikati ya jiji lililobanana. Huziona kama mapafu ya mji, na kweli ni mapafu. Lakini nafasi wazi katika mji wa kikoloni haikuachwa kwa ajili ya hewa peke yake.

Lugha iliyosemwa kati ya bwana na kedi ilikuwa ipi? Katika Buganda ilikuwa Kiluganda au Kiingereza cha vipande. Mashariki ilikuwa Kiswahili, tena kile Kiswahili cha amri: lete, chukua, ngoja, tafuta. Gavana Gowers alipopendekeza mwaka 1927 kwamba Kiswahili kipewe nafasi kubwa katika elimu na utawala, Kabaka Daudi Chwa alipinga kwa maandishi mwaka 1929. Walimu wa Kiswahili tumezoea kumlaumu. Naomba tumtendee haki kidogo. Kiswahili alichokisikia yeye hakikuwa cha washairi wa Lamu. Kilikuwa cha askari na cha bwana anayeamuru mtu abebe mzigo.

Uhuru ulikuja mwaka 1962, na milango ya mbele ikafunguliwa. Mawaziri na mawakili wa Kiafrika wakajiunga, na hoteli za mikoani zikaunganishwa chini ya shirika la umma. Nadhani kilikuwa kipindi kifupi mno. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, makumi ya maelfu kwa muda wa siku 90, na Waingereza wengi wakaondoka nyuma yao. Mwaka uliofuata alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na hivyo lugha yetu ikapata heshima karatasini na kupata laana barabarani, kwenye vizuizi vya wanajeshi. Ni nani basi angesafiri mwisho wa juma kwa ajili ya kupumzika, wakati safari ya Kampala hadi Masaka ilikuwa ni bahati nasibu? Hoteli zikakosa maji, kisha mashuka, kisha wageni. Vita vya mwaka 1979 na uporaji vikamaliza kilichobakia mahali pengi. Hapa Kampala, Nile Hotel iliyojengwa kwa ajili ya mkutano wa wakuu wa Afrika wa mwaka 1975 ilipata sifa mbaya kuliko zote, kwa kuwa vyumba vyake vilitumiwa na watu wa usalama kuwahojia na kuwatesea raia. Wazee wapo ambao hadi leo hawapiti mbele ya lango lake bila kugeuza uso.

Kedi wangu wa Kigo alikuwa hajazaliwa, au alikuwa mchanga mgongoni, mambo hayo yalipoanza. Lakini alisimuliwa na baba yake. "Wachezaji waliondoka," alisema, "baba akabaki na funguo za stoo. Akaenda kila siku kufagia. Nyasi zikamfika kiunoni. Akaendelea kufagia ukumbi." Nilimuuliza kwa nini, na mshahara haukuwapo. Alifikiri kidogo, akasema, "Alisema watarudi. Na Jumatatu, siku ambayo zamani makedi waliruhusiwa kucheza, yeye na wenzake walikata nyasi za shimo moja tu kwa panga, wakacheza hilohilo, kwenda na kurudi, mpaka jioni."

Basi, kwa miaka kumi na zaidi, huko mashariki palikuwa na uwanja wa shimo moja, katikati ya msitu wa nyasi, nyuma ya nyumba iliyokuwa ikipoteza mabati. Wenye kucheza walikuwa watumishi waliokuwa hawana wa kumtumikia. Sikujua niuite mchezo ule kwa ngeli gani.

Katika miaka ya 1990 serikali iliziuza hoteli zake kwa watu binafsi, moja baada ya moja, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1993. Nyingine zilipata wenye kuzijali, nyingine zilipakwa rangi tu. Nile Hotel ilikabidhiwa kampuni ya Serena, ikafunguliwa upya mwaka 2006 kwa jina la Kampala Serena, na kampuni hiyohiyo ndiyo inayoendesha hoteli ya Kigo. Jina la Kigo, kwa watu wa Kampala, kwa miaka mingi lilikuwa ni jina la gereza, na gereza lingalipo, si mbali na uwanja. Mchana ule sikuliona, lakini nilijua liko upande gani.

Kedi alinionyesha mahali karibu na mafunjo ambapo ardhi imejaa vichuguu vya zamani na mti mmoja mkubwa uliosazwa na wajenzi. Akaniambia wenyeji husema palikuwa na watu hapo. Hakujua ni lini, nami sikuongeza neno. Mwenyeji wangu alikuwa akiutafuta mpira wake majini, na hakuuona.

Niliporudi shuleni nilimwita yule msichana na daftari lake. Nikamweleza habari ya malale, na ya nyasi zilizofika kiunoni, na ya shimo moja. Alisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza kama basi atarudishiwa ile alama yake. Nikamwambia kwamba sarufi ni sarufi, na uwanja ule wa Kigo ulikuwa mzuri, si gofu. Akaenda zake hajaridhika. Baadaye katika kitabu changu cha alama nikakuta nimekwisha kuifuta ile 13 na kuandika 14.